Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Mazungumzo juu ya Mbegu na Udongo



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya kilimo hai na juu ya kujaribu mbegu. Mimi si bwana shamba. Kazi yangu ni kufasiri: maneno ya wataalamu hunifikia mezani kwa Kiingereza, nami huyatoa kwa Kiswahili ili yapate kusomwa na kila mtu. Kwa hiyo nimesoma habari nyingi za ukulima kuliko nilizozitenda kwa mikono yangu, na jambo hilo lina hatari yake, kama mtakavyosikia sasa hivi.

Siku moja nilimweleza mama yangu, kule kwetu Seme, kwamba kulima kwa samadi na majani pasipo dawa za dukani huitwa siku hizi "kilimo hai". Akacheka, akaniuliza, "Mwanangu, kilikufa lini?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo kidogo, nalo ndilo nililokuja kuwagawia.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mwaka 2014 nilifasiri karatasi iliyosifu mbegu za mahindi za nyanda za juu. Sifa zile zilikuwa za kweli. Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale walitoa mbegu chotara ya kwanza ya Kenya, Hybrid 611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador katika Marekani ya Kusini. Tangu hapo mbegu za ukoo huo zimejaza maghala ya Trans Nzoia na Uasin Gishu. Nilipomaliza kufasiri nilikuwa nimekwisha shawishika. Nikanunua mbegu kwa mshahara wangu, nikaipeleka nyumbani, nikamwambia mama aipande shamba zima.

Mama alitaka kubakiza kipande kwa ajili ya mtama wake na kwa yale mahindi ya kienyeji tuyaitayo Nyamula. Nikamwambia huo ni ukulima wa kale. Akanyamaza, akatii, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Ndugu zangu, mbegu ile haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kuipeleka mahali pasipo pake. Kitale ni juu, penye baridi, na mvua yake hukaa muda mrefu. Mahindi yaweza kukaa shambani miezi sita na zaidi bila wasiwasi. Kwetu ufukoni mvua za masika huanza Machi, na mara nyingi Juni haijakwisha zimekwisha toweka. Mahindi yangu yalikuwa marefu, mabichi, ya kupendeza, hata watu waliopita njiani waliyasifu. Yalipoanza kuchanua, mvua ikakatika. Tulivuna gunia moja na nusu mahali tulipozoea kuvuna magunia matano. Ilipofika Oktoba nilikuwa nikinunua unga Kisumu kuilisha nyumba niliyoitia njaa mwenyewe.

Mama hakunigombeza. Alinichukua jikoni, akanionyesha juu ya mafiga masuke ya mtama na magunzi machache ya Nyamula yaliyotundikwa katika moshi. Akasema, "Haya nilikuficha."

Waswahili husema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mithali hii haikatazi msala mpya. Yasema tu kwamba usiutupe mkeka wako wa zamani kwa sababu ya mzuri unaopita njiani. Utandike huo mpya kando ya wa zamani, uulalie, uone. Hayo ndiyo maana ya kujaribu mbegu, na hayo ndiyo nitakayoyasema leo kwa njia nyingi.

KAYONGO, NA YALIYOONEKANA MBITA

Kila mmoja wetu anamjua kayongo, ambaye Watanzania humwita kiduha. Ua lake la zambarau ni zuri kutazama, lakini ni mwizi. Mizizi yake hushikamana na mizizi ya mahindi au mtama chini ya udongo na kunyonya chakula na maji. Hata kabla hajachomoza juu, amekwisha fanya kazi yake. Ndipo tunapoona mahindi yamedumaa na kunyauka ingawa ardhi bado ina unyevu. Mmea mmoja huzaa mbegu elfu nyingi, nyembamba kama vumbi, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja mzizi wa kushikamana nao. Tena hustawi zaidi katika udongo uliochoka. Anayelima mwaka baada ya mwaka bila kuurudishia udongo chakula humwandalia kayongo meza.

Basi sikilizeni jinsi silaha moja ya kumpiga ilivyopatikana papa hapa ziwani. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo, aliyesoma Maseno, alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu kijulikanacho kwa jina la ICIPE, nacho kina tawi Mbita, ufukoni mwa Ziwa. Katika miaka ya 1990 Dakta Zeyaur Khan na wenzake, wakisaidiana na wataalamu wa Rothamsted wa Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kumzuia kiwavi atobowaye mabua ya mahindi. Walijaribu mamia ya nyasi na mimea mingine, wakiuliza swali moja: nondo wa kiwavi huyu anapenda nini, na anachukia nini?

Wakaona kwamba nondo hupenda kutaga mayai juu ya majani ya nepia kuliko juu ya mahindi, na viwavi wakianguliwa huko wengi hufa, kwa kuwa nepia hutoa utomvu unaonata. Wakaona pia kwamba mmea mdogo utambaao, jamii ya kunde, uitwao desmodiamu, hutoa harufu inayomfukuza nondo. Lakini jambo kubwa hawakulitazamia. Mahali desmodiamu ilipopandwa kati ya mistari ya mahindi, kayongo alipungua mno. Walipochunguza waligundua kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa vitu vinavyoziamsha mbegu za kayongo, kisha huzizuia zisishike mzizi wa mahindi. Zikaamka, zikakosa chakula, zikafa.

Naomba mtafakari. Wataalamu hawa hawakuwa wakimtafuta kayongo. Walikuwa wakimtafuta kiwavi. Waliliona jambo hili kwa sababu walikuwa na vipande vya shamba vilivyokaa kando kwa kando, kimoja chenye desmodiamu na kingine kisicho nayo. Kama wangalipanda shamba zima namna moja, wangaliona mahindi mazuri tu, wasijue sababu yake.

Njia hiyo huitwa vuta-sukuma: nepia huvuta nje, desmodiamu husukuma kutoka ndani. Tena vyote viwili ni chakula cha ng'ombe, na desmodiamu hurutubisha udongo kwa naitrojeni kama maharagwe yafanyavyo. Ugonjwa wa kudumaa ulipoipata nepia katika nchi ya magharibi ya Kenya, na ukame ulipozidi, watu wengi walianza kupanda brakiaria mahali pake. Na viwavijeshi wageni walipoingia Kenya, mashamba ya vuta-sukuma yalishambuliwa kidogo kuliko mengine. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha viwavi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Lakini sitawaficha taabu zake. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana na bei yake si rahisi. Huchanganywa na mchanga mkavu ili imwagike sawasawa katika mfereji mwembamba. Palizi ya msimu wa kwanza ni nzito, kwa sababu mmea huo ukiwa mchanga hufanana na magugu, na kibarua asiyeujua ataung'oa wote kwa asubuhi moja. Faida hutokea polepole, nayo hukaa miaka mingi kwa yule mwenye subira.

Jambo jingine la Mbita lilinichoma moyo nilipolisoma. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba baadhi ya mahindi ya kienyeji ya wakulima wetu, na miongoni mwao Nyamula na Jowi, yana ulinzi wa ajabu. Nondo akitaga mayai juu ya majani yake, mmea hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo, nao huja kuwaangamiza viwavi. Harufu hiyo haikupatikana katika baadhi ya mbegu za kisasa zilizopimwa. Kumbe mama alikuwa ameuficha mlinzi juu ya mafiga, nami nilikuwa nimemwita wa kale.

KULISHA UDONGO

Wako watu wanaodhani kilimo hai ni kuacha tu kununua mbolea. Mwaka 2022 bei ya mbolea ya kupandia ilipanda hata gunia la kilo 50 likapita shilingi 6,000, na wengi wakaacha kwa sababu hawakuwa na fedha. Kuacha bila kuweka kitu mahali pake ni umaskini tu, wala si kilimo hai. Kilimo hai ni kuulisha udongo kwa vitu vilivyokuwa na uhai, ili udongo nao uilishe mimea.

Elimu hii si ngeni. Mwingereza Albert Howard aliipanga vizuri huko Indore, Bara Hindi, kati ya miaka ya 1924 na 1931, kwa kuwatazama wakulima wa huko na kujaribu pamoja nao. Lundo la mboji hutengenezwa hivi. Chagua mahali penye kivuli. Tandika vijiti chini ili hewa ipite. Juu yake weka mabua makavu yaliyokatwakatwa, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo na majivu. Nyunyiza maji, uanze tena, mpaka lundo lifike kifuani. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe na ukishike: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa kikavu, ongeza maji, kikiwa baridi na chenye uvundo, maji yamezidi. Geuza lundo kila baada ya wiki tatu. Kwa muda wa miezi miwili au mitatu mboji itakuwa nyeusi, yenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Kuna rafiki mwingine tunayempita kila siku. Ni mmea mchungu wenye maua ya manjano, uotao kandokando ya njia na kwenye nyua zetu, uitwao tithonia. Wataalamu waliofanya kazi Maseno na sehemu nyingine za magharibi katika miaka ya 1990 walipima majani yake mabichi yakiisha kukaushwa, wakaona yana naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi na potasiamu ya asilimia 4 hivi. Hicho ni chakula kingi. Lakini majani hayo ni mazito kwa maji, na kuyakata na kuyabeba ni kazi ya kuvunja mgongo. Ekari ya mahindi yahitaji mizigo isiyohesabika. Kwa hiyo yatumieni kwanza katika sukuma wiki na nyanya, ambako kipande kidogo huleta fedha, wala si katika shamba zima la mahindi.

Tena kuna upungufu ambao majani peke yake hayawezi kuuponya. Udongo wa sehemu nyingi za magharibi una fosforasi haba. Samadi ya ng'ombe aliyelishwa nyasi za udongo huo nayo itakuwa na fosforasi haba, maana hakuna atoaye asicho nacho. Unga wa mawe ya Minjingu, yachimbwayo Tanzania, umejaribiwa katika mashamba ya magharibi ukaonekana kufaa, nao ni kitu cha asili. Mwulizeni bwana shamba wenu apime udongo kabla ya kutumia fedha.

NAMNA YA KUJARIBU MBEGU

Sasa nafika kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Serikali ina chombo chake, KEPHIS, kilichoanzishwa mwaka 1996, ambacho hujaribu mbegu mpya katika sehemu mbalimbali za nchi kabla haijaruhusiwa kuuzwa. Vituo vya Kibos na Kakamega navyo vimefanya kazi kubwa juu ya kayongo na juu ya mbegu zinazomvumilia. Lakini hakuna kituo kiwezacho kujaribu shamba lako wewe. Udongo mweusi wa Kano si udongo mwekundu wa Maseno, na mvua ya Nyakach si mvua ya Vihiga. Jaribio la mwisho ni lako.

Kwanza, chagua mahali palipo sawa. Epuka penye kichuguu, kivuli cha mti, au boma la zamani la ng'ombe, kwa maana hapo kila mbegu itasifiwa bure.

Pili, usijaribu mbegu nyingi. Tatu zatosha: yako ya zamani na mbili mpya. Ya zamani haikosi kuwapo, kwa kuwa hiyo ndiyo kipimo. Kwa mfano, mtu wa ufukoni aweza kuweka mahindi yake ya kienyeji, mahindi ya muda mfupi yaliyoruhusiwa kwa nchi ya chini, na mahindi yanayomvumilia kayongo.

Tatu, kila mbegu ipandwe katika vipande vitatu, siyo kimoja. Hivyo utakuwa na vipande tisa, kila kimoja cha mistari mitano na urefu wa hatua tano. Andika majina katika vikaratasi, mwite mtoto ayachague kwa kura, upande kwa taratibu iliyotokea. Ukichagua mwenyewe, moyo wako utampa mpenzi wako mahali pazuri.

Nne, badili jambo moja tu. Pandeni siku moja, kwa nafasi moja, kwa samadi ya kiasi kimoja, na palizi ya siku moja. Ukiipa mbegu mpya mboji na kuinyima ya zamani, umejaribu mboji, hukujaribu mbegu.

Tano, andika. Daftari la shule la mtoto lafaa. Andika siku ya kupanda, siku ya kuchanua, na siku za mvua. Katika wiki ya kumi hesabu mashina ya kayongo katika kila kipande. Andika ndege walivyokula, na upepo ulivyoangusha.

Sita, vuna mistari mitatu ya katikati tu, kwa sababu ile ya pembeni huiba mwanga na chakula cha jirani. Kausha, pukuchua, kisha pima kwa mizani au kwa gorogoro. Jumlisha vipande vitatu vya kila mbegu.

Saba, msiishie kwenye mizani. Pikeni ugali wa kila mbegu, muwaite kina mama na watoto waonje bila kuambiwa jina lake. Wekeni kiasi cha kila moja katika chombo kwa miezi mitatu, mwone fukusi wamekula ipi. Mahindi mengi yasiyowekeka ni mali ya fukusi.

Nane, rudieni. Msimu mmoja husema uongo. Mwaka wa mvua nyingi humsifu mmoja, mwaka wa ukame humsifu mwingine. Ikiwa majirani watatu wataungana, kila mmoja akajaribu mbegu zile zile kwake, mtajifunza kwa mwaka mmoja yale ambayo mtu mmoja hujifunza kwa miaka mitatu.

KUWEKA MBEGU

Mbegu chotara haifai kuwekwa kwa kupandwa tena, maana watoto wake hawafanani na mzazi. Hiyo hununuliwa kila msimu. Mahindi ya kienyeji na mtama huwekeka. Chagueni mbegu shambani mimea ikiwa imesimama, wala msingoje mpaka ghalani. Fungeni uzi kwenye mashina mazima yaliyo katikati ya shamba, yaliyozaa vizuri wakati jirani zake wa pande zote wapo. Gunzi kubwa lililoota peke yake ukingoni hudanganya. Kausheni vizuri, changanyeni na majivu, au tundikeni katika moshi kama mama zetu wanavyofanya.

MWISHO

Tangu mwaka 2016 nyumbani kwetu pana kipande cha majaribio, na mwenye amri juu yake ni mama. Mimi hubeba daftari tu. Tulichokiona ni hiki: mwaka wa mvua njema, mahindi ya muda mfupi ya dukani hutushinda sote. Mvua ikiwa haba, Nyamula huvuna kidogo lakini havuni sifuri. Na mtama wa mama haujatuacha na njaa hata mwaka mmoja. Kwa hiyo sasa tunapanda vyote vitatu, kila kimoja kwa kiasi tulichokipima, pamoja na desmodiamu katika sehemu iliyokuwa ya kayongo.

Juzi mama aliniandikisha hesabu za msimu, kisha akaniambia, "Karatasi za wataalamu unatuletea siku zote. Hii nayo ifasiri, uwapelekee wao." Nimeanza kwa kuwaletea ninyi.

Basi, ndugu zangu, kabla ya mvua zijazo tengeni kipande kimoja tu, hatua ishirini kwa ishirini. Shamba lililobaki lipandeni kama mlivyozoea. Kipande hicho kikishindwa, nyumba haitalala njaa. Kikifaulu, mtakuwa mmejua kwa macho yenu wenyewe, na jirani atakuja kuuliza. Mpeni mbegu, mpeni na hesabu.